Raundi ya Tano

Waliniambia: ungempiga mwaka ule.
Mwaka upi? Kila mtu alikuwa na wake.
Kinyozi wa Ruwi, mkasi karibu na sikio langu,
alitaja mwaka Zahor alipomlaza Mwajemi
kabla watu hawajamaliza kutafuta viti.
Mjomba alitaja wa nyuma yake,
akatia na chumvi, mjomba ndivyo alivyo.
Mimi mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na moja, Mabela.
Ningempiga kwa nini? Kwa daftari?

Ilikuwa Julai, kiyoyozi cha ukumbi kimekufa,
milango wazi, joto linaingia bila tiketi.
Zahor akavua shuka begani
nikaona ngozi imelegea juu ya mkanda,
nywele za kifua zimepakwa majivu.
Thelathini na tisa. Mimi ishirini na nne.
Ngumi yangu aliiona.
Niliona kwamba ameiona.
Na bado ilimkuta palepale,
kama mtu aliyesikia hodi
na yumo bado anatafuta viatu.

Raundi ya saba refa akauinua mkono wangu.
Makofi niliyopigiwa
yalikuwa ya watu waliokuja kutoa pole.
Rial mia tatu, bahasha imelowa jasho la mwenye kuitoa.
Nje, penye magari, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika:
maiti hapigwi, huoshwa.

Ijumaa mjomba akanichukua Barka kutazama mafahali.
Fahali mkubwa, mweusi, kipenzi cha kijiji kizima,
akageuza mgongo mbele ya kijana mwekundu asiye na jina.
Mwenyewe akapiga kelele: jana alikuwa na homa!
Yule mwekundu akapewa tende na dagaa wakavu.
Akala. Hakuuliza
homa ilikuwa ya digrii ngapi.

Lakini ipo raundi ya tano.
Kengele inakaribia, nimeshaanza kupumua kwa raha,
mkono wake wa kushoto ukatoka.
Haukutoka kwa yule niliyekuwa nikimpiga.
Ulitoka kwa yule wa kinyozi, yule wa mjomba,
mfupi, mkavu, hauna salamu.
Taa zilikwenda zikarudi.
Niliona viatu vya refa: kamba moja nyeupe, moja ya kijivu.
Sikuanguka,
na kwa kuwa sikuanguka hakuna aliyeona.
Hata leo nikitafuna mkate wa ufuta
taya hulia tik, upande wa kulia,
bibi yangu huinua macho kutoka kwenye sahani yake.
Huo ndio ushahidi wangu. Nani ataupokea?

Miezi minane nikazunguka na jambo hilo,
mwisho nikaenda Wadi Kabir,
anakouza betri za magari.
Alikuwa ameinama, miwani puani, anapima maji ya asidi.
Wanasemaje? akauliza, bila kuinua kichwa.
Wanasema nilimpiga aliyekwisha.
Akacheka, kicheko kikamgeuka kikohozi.
Mimi nilimpiga Dadkarim, akasema,
goti lake limefungwa bendeji chini ya suruali.
Nilijua. Nikawa namzungusha
upande ule ule, upande ule ule.
Wewe ulikuwa mtoto, wamekusimulia ngumi tu.

Tukanyamaza. Chaja ikawa inanguruma.
Nikamwambia: ile ya raundi ya tano.
Nilitaka aseme tu kwamba anaikumbuka,
kwamba usiku ule, japo sekunde moja,
nilisimama mbele ya Zahor mzima.

Akautazama mkono wake wa kushoto,
mweusi wa grisi, kidole cha shahada hakikunjiki vizuri.
Ile? akasema.
Ile niliifikiria raundi ya pili.

Nikanunua betri nisiyoihitaji.
Akanitoza bei kamili.